Neno Moja na Idadi Yake

Mama aliponiuliza kama maneno yake yanasomwa ofisini, nilimwambia ndiyo. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha hospitali, kile cha karibu na dirisha, na mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha uji ambacho alikuwa amekikataa. Jibu lilinitoka upesi, kabla sijameza mate. Baada ya hapo aliishi siku tisa. Siku tisa ni nyingi kwa mtu aliye na jambo la kusema, na mimi sikulisema.

Mama alikuwa mhudumu wa afya wa mtaani. Tulikaa upande wa nyuma wa mtaa wa Fedha, chumba na sebule, na kila asubuhi alitoka kwa miguu kwenda Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda ambako alikuwa na nyumba zake za kutembelea. Wazee wenye presha, wenye sukari, akina mama waliojifungua juzi. Watu wa kule walimwita Daktari wa Miguu. Walianza kwa kumtania, maana alikuja bila gari wala koti jeupe, mkoba tu na mashine ya kupima presha, lakini jina likamganda na yeye akalipenda.

"Daktari wa Miguu amefika!" angeitwa kutoka mwanzo wa kichochoro. "Leo unapima nani, mimi au mbwa wangu?"

"Nianze na mbwa," angejibu, "yeye hanidanganyi kuhusu chumvi."

Kila mhudumu alikuwa na simu ya shirika. Ukifika kwenye nyumba unaweka namba ya nyumba, presha, sukari, kama mgonjwa amemeza dawa au hakumeza. Chini kabisa palikuwa na nafasi tupu iliyoandikwa "Maelezo, kama yapo". Wahudumu wengi waliandika "sawa" wakasonga mbele. Mama aliijaza. Aliandika kwa kidole kimoja, miwani ikiwa imeshuka puani, na hakuwahi kutuma kabla ya kumsomea yule aliyemwandika. Hiyo ilikuwa desturi yake na aliishika kama watu wanavyoshika kufunga. "Siwezi kumwandika mtu kitu ambacho siwezi kumsomea usoni," alisema. Basi angekaa kwenye kigoda, asome, mgonjwa asikilize, na kama mgonjwa alisema "hapo umeongeza", alifuta.

Nyumbani pia nilimsikia. Jumapili baada ya kanisa alikaa mlangoni kwenye mwanga, akamalizia zile ambazo mtandao ulikuwa umezikataa, akizisoma kwa sauti huku mimi nikikatakata sukuma wiki. Nilisikia bila kusikiliza. Leo nikijaribu kukumbuka sentensi moja nzima, ninapata sauti yake na kelele ya kisu changu kwenye ubao.

Mimi nilifanya kazi katika shirika lilelile, ila ofisini, Buruburu, ghorofa ya pili juu ya duka la mapazia. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na alama ambazo hazingenipeleka popote, nikafanya kozi ya kompyuta ya miezi sita, na Mama ndiye aliyenipeleka kuomba nafasi ya kuingiza data. Nilikaa pale miaka mingi kuliko waliosoma zaidi yangu, kwa sababu wao walipata kazi nyingine wakaondoka. Hivyo ndivyo nilivyojikuta nikishika mafaili yenyewe, yale makubwa, ambamo matembezi ya wahudumu wote yalihifadhiwa.

Inanipasa nieleze mafaili hayo yalivyokaa, kwa sababu kosa langu limo humo ndani.

Ukichukua daftari la kawaida, kila tembezi ni mstari mmoja, unaosoma kutoka kushoto kwenda kulia: mtaa, nyumba, presha, dawa, maelezo. Ukitaka kujua presha tu za watu wote, itabidi upitie kila mstari na kuruka yale usiyoyataka. Mafaili yetu hayakuwa hivyo. Ni kama mtu amelichukua daftari akalikata kwa mkasi kutoka juu hadi chini, akatoa vipande virefu. Mitaa yote kwenye kipande chake, presha zote kwenye kipande chake. Kompyuta ikiulizwa presha inachukua kipande kimoja, vingine inaviacha vimelala. Kila kipande tulikiita safu.

Uzuri wa mpango huo ni kwamba vitu vinavyofanana vinakaa pamoja, na vinavyofanana hubanwa kwa urahisi. Safu ya mtaa inasema Reuben, Reuben, Reuben, Reuben. Hakuna haja ya kuliandika neno mara mia nane. Unaandika Reuben, halafu mia nane. Neno moja na idadi yake. Ukizipanga data vizuri kabla ya kuzihifadhi, Reuben zote zikafuatana, safu nzima inabaki ndogo kama jina lililoandikwa kwenye kiganja. Maneno machache yanayorudiwa bila kufuatana nayo yana dawa yake: unatengeneza kamusi, kila neno unalipatia namba, halafu kwenye safu unaandika namba peke yake.

Niliipenda kazi hiyo. Sijawahi kumwambia mtu nilivyoipenda. Mtu ambaye hakusoma sana akigundua kwamba anaweza kulichukua faili zito akalifanya jepesi, anajisikia kama aliyepewa funguo.

Lakini safu ya maelezo ilinishinda. Kila kitu kingine kilibanika, yenyewe ikakaa vilevile, imenenepa, ikichukua zaidi ya nusu ya faili. Maneno ya watu hayafanani. Mmoja anasema mguu unawaka, mwingine anasema mguu umelala, na kwa kompyuta hivyo ni vitu viwili ambavyo havijuani kabisa.

Kila Jumatatu tulitakiwa kutoa ripoti kwa wafadhili. Kompyuta zetu zilikuwa za zamani, na programu ya ripoti ililikokota faili lote pamoja na maelezo, ingawa ripoti yenyewe haikuyahitaji isipokuwa mahali pamoja, palipohesabu ni matembezi mangapi yaliandikwa kitu. Ilichukua dakika arobaini. Mkuu wetu, kijana aliyenizidi elimu nikamzidi umri, alizunguka nyuma ya kiti changu na kikombe, akiniita Siz, yaani dada.

"Siz, imeiva?"

"Bado. Imefika nusu."

"Basi wacha nikunywe chai ya tatu. Hii ripoti itanifanya nikuwe mgonjwa wa sukari, na mimi ndiye nitaingizwa kwa data."

Nilijaribu kila nilichokijua. Nilichagua njia ya kubana zaidi, faili likapungua lakini likachukua muda mrefu kufunguka, kama furushi lililofungwa kwa kamba nyingi. Nikaligawa faili katika mafungu madogo ili kompyuta iruke mafungu isiyoyahitaji, ikasaidia kidogo. Nikajaribu kamusi kwenye maelezo. Kamusi ikawa ndefu kama maelezo yenyewe, maana karibu kila sentensi ilikuwa mpya, na programu ikaiacha njia hiyo yenyewe bila kuniuliza.

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo wakati ule nililiona la akili. Kama shida ni wingi wa maneno, nipunguze maneno. Nikaorodhesha yaliyorudiwa sana: Sawa. Mlango umefungwa. Mgonjwa amesafiri. Dawa zimeisha. Amepelekwa kliniki. Yalifika arobaini. Nikaandika programu ndogo, kila maelezo yanayofanana na mojawapo ya hayo yakageuzwa kuwa hilo. Yasiyofanana na lolote yakapewa neno la mwisho kwenye orodha: Mengineyo.

Niliiendesha kwenye matembezi ya miaka yote, ya zamani na mapya, na nikaiweka iwe inajiendesha kila data mpya ikiingia. Faili likaanguka. Sina neno lingine. Lilianguka kama mtu aliyevua makoti matano. Jumatatu ripoti ikatoka chini ya dakika moja.

"Siz! Imekuja hata sijashika kikombe! Umefanya nini?"

"Nimepanga safu ya maelezo," nilisema.

Sikumdanganya, lakini hayo si maelezo ya kile nilichokuwa nimefanya. Naye hakuuliza zaidi. Aliuliza kitu kimoja tu: "Zile za zamani umeweka?" Nikasema ziko kwenye diski ya pembeni, na siku hiyo kweli zilikuwepo. Alinunua keki. Ofisi nzima ikala, nikapigiwa makofi, na mkuu akaandika barua pepe ikisema kwamba ubunifu hauhitaji digrii. Niliichapisha barua ile nikampelekea Mama. Aliibandika ukutani kwa selotepu, karibu na kalenda ya kanisa.

Wiki chache baadaye diski ilijaa. Kabla ya kufuta ya zamani nilifanya ukaguzi kama nilivyofundishwa: nikahesabu mistari ya faili la zamani, nikahesabu ya jipya. Ilikuwa sawa, hakuna tembezi hata moja lililopotea. Nikafuta. Nilihesabu mistari yote na sikusoma hata mmoja.

Ninajua mtu atauliza kwa nini hakuna mhudumu aliyegundua. Simu zao zilikuwa za bei ya chini, zenye nafasi ndogo, na tembezi likishatumwa lilifutwa kwenye simu. Ukitaka kuona ya nyuma, unafungua historia ya nyumba na simu inaivuta kutoka kwetu. Lakini ni nani angefungua historia? Kila mhudumu aliwajua watu wake kichwani. Mama hakuhitaji kukumbushwa nani anaficha dawa chini ya godoro. Historia iliwekwa kwa ajili ya mgeni, yule atakayeshika nyumba zako siku usipokuwepo.

Ilipita karibu mwaka. Kisha mapafu ya Mama yakamlaza hospitalini, na mgeni akapelekwa.

Alikuwa mwanamke mdogo, mpole, ambaye hakuwa amemaliza hata miezi miwili kazini. Alipewa nyumba za Mama wakati Mama anatibiwa. Mojawapo ilikuwa ya mzee mmoja aliyekuwa fundi wa kuchonga vinyago, Mkamba mwenzetu, sukari imemharibu miguu na macho hayaoni vizuri. Yule mgeni alifika, akabisha. Hakusikia kitu. Akabisha tena kwa nguvu, akaita, akafikiri mzee amezimia ndani, akaupiga mlango. Mzee akaharakisha kuinuka bila kushika fimbo yake. Akaanguka, akapasuka juu ya jicho, akashonwa.

Mwenyekiti wa wahudumu alikuja hospitali kumwona Mama akatusimulia. Mama alijiinua kwenye mto.

"Lakini niliandika," alisema. "Yule mzee habishiwi haraka. Unabisha mara tatu polepole, halafu unasubiri, kwa sababu anatafuta fimbo. Nimeandika mara tatu hiyo kitu. Nilimsomea na yeye mwenyewe."

Mwenyekiti alitikisa kichwa. "Basi huyu wetu hakufungua kusoma. Vijana wa siku hizi."

Ndipo Mama akanigeukia. "Maneno yetu mnayasoma huko ofisini? Yanafika?"

"Ndiyo, Mama. Yote yanafika. Tunayasoma."

"Basi yule msichana hakufungua," Mama alisema, akalala tena. Hakuwa na hasira. Alikuwa amesikitika, jambo ambalo kwake lilikuwa zito kuliko hasira.

Kesho yake niliingia ofisini kabla ya wengine, nikafungua faili, nikachuja matembezi ya Mama peke yake, nikaomba safu ya maelezo. Ilijitokeza mara moja. Nilikuwa nimeitengeneza iwe ya haraka, na ilikuwa ya haraka. Mengineyo. Mengineyo. Mengineyo. Nikashuka, nikashuka tena. Hapa na pale palikuwa na "Dawa zimeisha". Kisha Mengineyo hadi chini.

Nikatazama jinsi ilivyohifadhiwa ndani. Kwa kuwa nilikuwa nimezipanga data kwa mhudumu na kwa nyumba, Mengineyo za Mama zilikuwa zimefuatana, na kompyuta ilifanya kile nilichoisifia miaka yote. Haikuhifadhi hata Mengineyo nyingi. Ilihifadhi neno moja na idadi yake. Kwa yule mzee, matembezi yote ya Mama ya miaka minne, kigoda, miwani, kusoma kwa sauti, yalikuwa neno moja na namba.

Nilitafuta nakala. Nilitafuta kwenye diski, kwenye kompyuta ya mkuu, kwenye takataka ya kompyuta. Hakukuwa na kitu. Nilienda msalani nikanawa uso.

Hizo ndizo siku tisa ninazozisema. Kila siku saa ya kuona wagonjwa nilikaa pale. Nilijiambia nitamwambia akipata nguvu. Alipopata nguvu kidogo nilijiambia nisimharibie siku. Wakati huo yule mgeni aliondolewa kwenye matembezi ili aandikiwe onyo, na kwenye kundi la simu la wahudumu waliandika maneno juu yake, na mimi nilikuwa kwenye kundi hilo na niliyasoma. Mmoja aliandika kwamba kuna watu wanataka kofia ya kazi bila kazi. Wengine wakaweka vicheko.

Siku moja Mama aliniambia, "Yule msichana msimkalie vibaya. Labda hakufundishwa kufungua." Niliweza kusema pale. Alikuwa amenifungulia mlango mwenyewe. Nilimpangusa mdomo nikasema, "Usijichoshe kuongea, Mwaitu." Nilimwita kwa lugha yetu ili nionekane binti mwema.

Akafa siku ya Jumatano, adhuhuri, nikiwa nimeshuka kununua maji.

Matanga yalikuwa nyumbani kwetu. Majirani walifunga hema kati ya majengo mawili, wakakodi viti vya plastiki. Wahudumu wote walikuja, na siku ya Alhamisi mwenyekiti alinishika mkono akaniweka kando.

"Msichana wetu, kuna kitu tunakuomba. Mama yako aliandika sana kuliko sisi wote, na wewe ndiwe unakaa na hizo data. Majina ya wagonjwa utoe. Utuchapie hata ukurasa mmoja wa maneno yake, tusome Jumapili kwenye ibada. Wacha watu wajue alikuwa anaonaje."

"Sawa," nilisema. Tazama jinsi neno hilo lilivyo rahisi. Lilikuwa la kwanza kwenye orodha yangu.

Nilikaa na ombi hilo siku tatu. Nitasema ukweli wote: nilifikiria kuyatunga. Niliijua sauti yake. Ningeweza kuandika ukurasa mmoja wa mguu unaowaka na mbwa asiyedanganya kuhusu chumvi, na watu wangelia, na hakuna ambaye angejua. Niliandika hata mistari miwili. Kisha nikakumbuka kwamba yeye hakuwahi kutuma kitu ambacho hangeweza kumsomea mtu usoni. Nilijaribu kuisoma mistari ile kwa sauti ndani ya chumba chake, barua ya ubunifu ikiwa bado ukutani. Sauti haikutoka. Nikaibandua barua nikaiweka mfukoni.

Jumapili alasiri, baada ya wimbo, mwenyekiti aliniita mbele. Yule mgeni alikuwepo. Hakuwa amekaa na wahudumu. Alikuwa nyuma ya hema kwenye masufuria, ameinama anaosha sahani, kwa sababu hapo ndipo mtu anaweza kuja msibani bila kuulizwa anakaa wapi.

Nilisema, "Sina ukurasa. Maneno ya Mama hayapo. Niliyafuta mimi."

Mwenyekiti alidhani ni majonzi. "Pole, mwanangu, keti, keti."

"Sijachanganyikiwa," nilisema. "Nilitaka ripoti iende haraka. Nikayageuza maelezo yote kuwa maneno arobaini, na yasiyoingia humo nikayaita Mengineyo. Halafu nikafuta ya kwanza. Aliyepelekwa nyumba za Mama hata angefungua asingeona kitu. Mama aliniuliza kama yanasomwa nikamwambia ndiyo. Nilimdanganya, na nikawaacha mkamlaumu mtu mwingine."

Nilisikia maji kwenye karai huko nyuma yakiacha kumwagika. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio au kwa matusi. Sikuwa nimejiandaa kwa swali la mwenyekiti, ambalo lilikuja polepole.

"Na yangu?"

Sikuwa nimelifikiria. Naapa, kwa siku zote zile niliyalilia maneno ya Mama peke yake.

"Hata yako," nilisema. "Ya wote."

"Ai!" mhudumu mmoja mnene, mcheshi, aliyezoea kunibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, alisimama. "Miaka yote nabonyeza na hiki kidole! Nimeandika habari ya yule mtoto wa degedege kama barua ya mapenzi! Kumbe nilikuwa naandikia nani? Naandikia ukuta?"

"Keti wewe, ni matanga," mwenzake alimvuta.

"Siketi! Na yeye alikuwa anatusalimia vizuri kila mwezi, 'shikamoo, mnaandika vizuri, endeleeni hivyo'!"

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nikisema hivyo kila mwezi.

Yule mgeni alikuja mbele akiwa na mikono yenye povu hadi kwenye viwiko. Hakunitazama mimi. Aliwatazama wao.

"Mimi nilifungua," alisema. "Nilifungua kabla ya kubisha, hapo mlangoni. Niliona Mengineyo. Nikashuka chini nikaona Mengineyo tu. Nikafikiri simu inanifichia kwa sababu mimi ni mgeni bado. Nikaogopa kuuliza, mtasema sijui kazi."

Mwenyekiti alivuta kiti cha plastiki akakiweka karibu na chake, akakipigapiga kwa kiganja. Yule mgeni aliangalia mikono yake yenye povu, akaipangusa kwenye leso, akakaa. Kisha akanigeukia.

"Na mbona hukusema akiwa hai?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wote, mfuko wangu una barua inayosema ubunifu hauhitaji digrii. "Niliona aibu," nilisema.

"Ulimwonea nani aibu?"

Mchungaji aliinuka akaanzisha wimbo mwingine, akatuokoa sote.

Tulimzika kule kwetu. Niliporudi nilimweleza mkuu kila kitu. Alisema, "Na mimi sikuuliza, Siz," na tuliandika barua kwa wahudumu, tukaweka majina yetu sisi wawili. Onyo la yule mgeni likafutwa. Nilipunguziwa kazi za mafaili, nikakubali. Jambo moja niliomba nilifanye mwenyewe: kurudisha safu ya maelezo ibebe maneno kamili. Niliitenga katika faili lake, ripoti ikawa inapita bila kuigusa, na ilikuwa rahisi hivyo tangu mwanzo. Mtu aliyesoma zaidi angenionyesha kwa mchana mmoja, kama ningeuliza. Maneno mapya yangekaa. Ya zamani hayarudi.

Wiki iliyofuata yule mgeni alirudishiwa nyumba za Mama, sasa ziwe zake. Alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Kesho naenda kwa yule mzee. Kama unataka kuja, kuja."

Tulienda asubuhi. Kichochoro kilikuwa na maji, tukaruka mawe. Mbele ya mlango wa mabati ya bluu hakunitazama, alisema tu, "Ulisema mara tatu?"

"Mara tatu. Polepole. Halafu unasubiri."

Akabisha. Moja. Mbili. Tatu. Kisha tukasimama. Ndani kitanda kililia, kikanyamaza. Sikujua kusubiri kunaweza kuwa kurefu hivyo. Mkono wangu ulitaka kubisha tena, kweli kabisa, niliuona ukiinuka. Nikaurudisha. Baada ya muda tukasikia fimbo ikigusa sakafu, tena, tena, ikija.

Mzee alifungua, kovu jipya juu ya jicho. "Hao wana adabu," alisema. "Ni nani?"

Yule mgeni alijitaja kuwa ndiye aliyemwangusha. Mzee alicheka hadi akakohoa. "Hukuniangusha wewe. Niliangushwa na haraka yangu. Ingia." Mimi nilijitaja kuwa binti wa Daktari wa Miguu. Hakucheka tena. Alinyosha mkono akanishika kichwani, akauacha hapo kidogo. Nilitaka kumwambia asiniwekee mkono. Nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama hivyohivyo. Hakuuondoa mkono mara moja, lakini aliuondoa.

"Alinisomea yote," alisema. "Mengine nayakumbuka. Lakini mimi ni mzee, nitakufa nayo." Hakulisema kwa ukali.

Mgeni akampima presha, akampima sukari, akaandika. Alipofika kwenye maelezo aliandika muda mrefu, kwa vidole viwili. Alitaka kutuma.

"Eh," mzee alisema. "Soma kwanza."

Akasoma. Kuhusu mguu, kuhusu dawa, kuhusu kubisha mara tatu na kusubiri. Mzee alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama. "Hapo kwa mguu umesema unauma. Hauumi. Unawaka. Andika unawaka."

Akafuta, akaandika unawaka. Kidole chake kikasimama juu ya kitufe, akainua macho akaniangalia, mara ya kwanza tangu matanga.

"Hii itafika?"

Neno ndiyo lilikuwa tayari mdomoni, upesi kama siku ile ya uji. Nikalishika hapo.

"Sijui," nilisema. "Tuma. Nikifika ofisini nitaifungua, nitakupigia nikusomee ulivyoandika, neno kwa neno. Kama haipo nitakuambia haipo."

Alituma. Niliporudi Buruburu niliifungua kabla ya kuvua sweta, nikampigia. Nilimsomea yote kwa sauti, pale ofisini, watu wakinisikia, hadi nikafika kwenye unawaka.

"Ndiyo hiyo," alisema, akakata simu.